Nguruwe wa Zizini na Vijidudu vya Tumboni Mwake

Watu wengi wakisikia habari za bakteria hufikiri maradhi tu: kipindupindu, kuhara damu, kifua kikuu. Mawazo hayo yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Bakteria walio wengi duniani hawamdhuru mtu wala mnyama, na baadhi yao ni watumishi ambao pasipo wao mnyama hawezi kustawi. Leo twataka kuwaeleza wasomaji habari za bakteria wakaao ndani ya matumbo ya nguruwe, na jinsi desturi za mfugaji, yaani mahali anapomweka mnyama, chakula anachompa na dawa anazomtia, zinavyogeuza jamii ya vijidudu hivyo kwa faida au kwa hasara.

Habari hii yawahusu hasa wenyeji wa Katumba Songwe na nchi yote ya Kyela, ambako kwa jamaa nyingi nguruwe ni akiba ya kulipia shule na matibabu. Tena hata msomaji ambaye dini yake yamkataza nguruwe asiuache ukurasa huu, maana maji ya mto hayaulizi dini ya mtu. Sababu ya neno hilo itaonekana mbele.

WENYEJI WA TUMBONI

Mtoto wa nguruwe huzaliwa matumbo yake yakiwa karibu matupu, hayana vijidudu. Anapopita katika njia ya uzazi, anaponyonya chuchu, anapolamba ngozi ya mama yake na kunusanusa mavi na udongo wa mahali alipozaliwa, ndipo anapowapokea wageni wa kwanza. Kwa muda wa siku chache tu wageni hao huwa maelfu ya mamilioni. Katika utumbo mpana wa nguruwe mkubwa, gramu moja tu ya yale yaliyomo yaweza kuwa na bakteria bilioni kumi au zaidi. Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza nguruwe 287 wa Ufaransa, Denmark na China walitangaza kwamba wamehesabu jeni za vijidudu milioni 7.7 katika matumbo ya wanyama hao. Jeni ni maagizo ya urithi yanayokiambia kila kiumbe namna ya kuishi. Basi tumbo la nguruwe ni kama mji mkubwa, wenye mafundi wa kila namna.

Mafundi hao wana kazi tatu kubwa.

Kazi ya kwanza ni kumeng'enya kile asichoweza nguruwe mwenyewe. Wanga, mafuta na protini hunyonywa katika utumbo mwembamba kwa muda wa saa chache. Nyuzinyuzi za majani na mashina hupita humo bila kuvunjika, mpaka zifike utumbo mpana, nazo hukaa humo siku nzima au zaidi. Hapo bakteria huzichachusha na kutoa asidi nyepesi, ambazo kubwa zake ni tatu: asetiki, propioniki na butiriki. Asidi hizo huingia mwilini na kumpa mnyama nguvu; na hiyo butiriki ndiyo chakula hasa cha ngozi ya ndani ya utumbo mpana.

Kazi ya pili ni kushika nafasi. Shamba lililojaa mpunga wenye afya haliwapi magugu mahali pa kuota. Vivyo hivyo utumbo uliojaa bakteria wema hauwapi nafasi wale wa kuleta kuhara. Walio mashuhuri katika ulinzi huu ni laktobasili, ambao hutoa asidi ile ile inayoyafanya maziwa kuganda na togwa kuwa chachu. Bakteria wengi wa maradhi hawaipendi asidi hiyo.

Kazi ya tatu ni kuufundisha mwili. Chembe za damu zinazopigana na maradhi hujifunza tangu utoto kumtambua adui na kumwacha rafiki, na walimu wao ni hao bakteria wa tumboni. Mnyama aliyekosa walimu hao hukua na mwili wenye hasira: utumbo wake huvimba na kuwaka kwa jambo dogo, na nguvu ambayo ingemnenepesha hupotea katika vita visivyo na maana.

NGURUWE WA KUZURURA NA NGURUWE WA KUFUNGIWA

Nguruwe aliyeachwa huru huzunguka sana. Katika Busia, magharibi ya Kenya, wataalamu waliwavisha nguruwe wa wanavijiji vyombo vya kuonyesha mahali walipo, na habari zake zikatangazwa mwaka 2013. Ilionekana kwamba kwa wastani nguruwe mmoja alikwenda zaidi ya kilometa 4 kwa saa 12, na karibu nusu ya muda wake alikuwa nje ya boma la bwana wake. Mnyama wa namna hiyo hula mizizi, majani, matunda na udongo, na kila kitu humletea vijidudu vipya.

Je, vijidudu hivyo vyamfaa? Mwaka 2009 wataalamu wa Aberdeen, Uskoti, walitoa habari za nguruwe waliolelewa kwa namna tatu: wengine nje shambani, wengine ndani ya nyumba, na wengine katika vyumba vilivyotengwa kwa usafi mkubwa mno, nao wakipewa viuavijasumu kila siku. Wale wa nje walikutwa na laktobasili wengi. Wale waliolelewa ndani walikuwa nao wachache, na wale wa vyumba vilivyotengwa walionyesha dalili nyingi zaidi za mwili wenye hasira tuliyoitaja. Kumbe usafi wa kupita kiasi ulikuwa umewafukuza na watumishi pia.

Basi msomaji asije akasema, "Nitavunja zizi langu kesho, nguruwe wangu wazurure." La, hasha! Kuzurura kuna hatari mbili kubwa zinazopita faida yake yote.

Hatari moja ni tegu. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu, na kama mwenye kinyesi hicho ana tegu tumboni, mayai ya tegu humwingia mnyama yakawa malengelenge ndani ya nyama. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu. Tena mtu akiyameza mayai yenyewe, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, malengelenge yaweza kuota katika ubongo wake na kumletea kifafa. Maradhi haya yanajulikana sana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania.

Hatari ya pili ni homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921. Katika miaka ya 2010 na 2011 iliwaua nguruwe wengi katika Mkoa wa Mbeya, na Kyela haikusalimika. Ugonjwa huu huletwa na virusi, wala si bakteria. Hauna dawa, na huenea upesi nguruwe wakikutana au wakila masalio ya nyama yenye ugonjwa.

Kwa hiyo kumfungia nguruwe ni lazima. Lakini mfugaji ajue kwamba anapofunga mlango wa zizi amemnyima mnyama majani, mizizi na udongo alivyokuwa akijitafutia mwenyewe. Aliyemfungia ndiye sasa amepaswa kumletea. Hilo ndilo neno kubwa la habari yetu.

CHAKULA CHA MNYAMA NI CHAKULA CHA VIJIDUDU VYAKE

Kyela yasifiwa kwa mchele wake, na penye mashine za kukoboa hapakosi pumba. Pumba laini ni chakula chema, lakini zina kasoro mbili. Kwanza, mara nyingi huchanganyika na makapi magumu yasiyo na lishe. Pili, mafuta yaliyomo huharibika upesi zikikaa siku nyingi katika joto la kandokando ya ziwa. Pumba zilizotoa harufu kali au kuota ukungu zisipewe mnyama. Ukungu huweza kuwa na sumu ambayo haiondoki kwa kupika.

Tena nguruwe anayelishwa pumba na dagaa tu, pasipo majani, vijidudu vyake vya utumbo mpana hukosa nyuzinyuzi laini za kuchachusha. Hapo hugeukia protini iliyobaki bila kumeng'enywa, na kazi hiyo hutoa amonia na sumu nyingine zinazoumiza utumbo. Bakteria wa kuhara hustawi katika hali kama hiyo. Dawa yake haiuzwi dukani, maana iko shambani: matembele, majani mabichi ya mgomba na shina lake lililokatwakatwa, mapapai, na majani ya mikunde. Majani ya muhogo yanyaushwe kwanza, kwa sababu mabichi yana sumu. Na kwa kuwa Kyela yalima kakao, twaonya kwamba maganda ya mbegu za kakao yana kitu kiitwacho theobromini ambacho kikizidi chaweza kumuua nguruwe; yasitupwe zizini.

Iko pia elimu ya kuchachusha chakula kabla ya kumpa mnyama, nayo si ngeni kwa mama yeyote ajuaye kutengeneza togwa. Pumba na unga hukorogwa na maji safi katika chombo chenye kifuniko, kisha huachwa kwa siku moja au mbili mpaka viwe vichachu. Sehemu ndogo huachwa chomboni iwe kianzio cha siku ya pili. Uchachu huo ni kazi ya laktobasili na jamaa zao, na asidi yao huwapunguza sana bakteria wa kuhara kabla chakula hakijafika tumboni. Katika Denmark na nchi nyingine za Ulaya wafugaji wakubwa hutumia njia hiyo hiyo kwa mapipa na mabomba. Ila chakula kikitoa harufu ya kuoza badala ya uchachu, kimwagwe, na chombo kisuguliwe.

SIKU YA KUACHISHA KUNYONYA

Hakuna wakati wa hatari kwa mtoto wa nguruwe kama siku anapotengwa na mama yake. Alipokuwa ananyonya, maziwa yaliwalisha laktobasili, na kinga ya mama ilikuwa ndani ya maziwa hayo. Ghafula maziwa yamekatika. Chakula ni kigeni, mahali ni pageni, na tumbo lake bado halitoi asidi ya kutosha. Jamii yote ya vijidudu huvurugika kwa siku kadhaa. Katika pengo hilo huingia aina kali za bakteria waitwao koli, ambao hujishika katika utumbo mwembamba na kumhara mtoto mpaka maji yamwishe mwilini. Mfugaji huamka asubuhi akakuta watoto watatu au wanne wamelala ubavu.

Nchi za Ulaya zilijaribu kuziba pengo hilo kwa kutia chakulani oksidi ya zinki kwa wingi, lakini madini hayo yaliharibu udongo kupitia mavi, tena yalisaidia kuzalisha bakteria sugu. Umoja wa Ulaya uliikomesha desturi hiyo mwezi wa Juni mwaka 2022. Sheria zao zataka mtoto asiachishwe kwa kawaida kabla ya siku 28. Mfugaji wa kijijini, asiye na vyakula maalumu wala joto la mashine, afanya vema akingoja wiki sita hadi nane, huku akiwazoeza watoto chakula kidogo kidogo tangu wiki ya tatu. Hapo bakteria wa kuchachusha majani huwa wamekwisha kuingia kabla maziwa hayajakatika.

Udongo nao una kazi. Mtoto wa nguruwe anayekua huhitaji kiasi cha miligramu 7 za madini ya chuma kila siku, na maziwa ya mama humpa kama miligramu moja tu. Azaliwaye juu ya saruji au mbao, asiguse ardhi, huwa mweupe, mnyonge, mwepesi wa kuhara. Sindano ya madini ya chuma huponya upungufu huo. Asiye nayo aweza kuleta udongo safi kila siku, uliochimbwa chini kidogo ya uso wa ardhi, mahali ambapo nguruwe hawajapita wala watu hawajajisaidia, maana mayai ya minyoo hukaa ardhini miaka mingi.

DAWA ZITUMIWAZO OVYO

Sasa twafika kwenye jambo zito kuliko yote. Karibu na mwaka 1950 wataalamu wa Marekani waligundua kwamba wanyama wakipewa kiuavijasumu kidogo kila siku katika chakula hukua upesi zaidi. Habari hiyo ilienea duniani, na kwa miaka mingi mamilioni ya nguruwe walilishwa dawa bila kuwa wagonjwa. Hasara yake ilionekana baadaye.

Mkulima wa mpunga ataielewa upesi. Mbegu za msimu ujao hutoka katika mimea iliyosalimika msimu huu. Dawa ikimwagwa tumboni kidogo kidogo, bakteria dhaifu hufa, na miongoni mwao watumishi wema. Wale wachache wanaoweza kuistahimili hubaki, nao ndio huwa mbegu ya kizazi kijacho. Ajabu zaidi, bakteria huazimana silaha: wa aina moja humpa wa aina nyingine jeni ya kuishinda dawa, hata kama yeye mwenyewe hajaionja dawa hiyo. Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza jeni ya namna hiyo, waliyoiona katika bakteria wa nguruwe, wa nyama na wa wagonjwa hospitalini. Jeni hiyo huishinda kolistini, dawa ambayo waganga huiweka akiba kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwaponya. China ikapiga marufuku kolistini ya kukuzia wanyama mwaka 2017. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kukataza viuavijasumu vyote vya kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006. Tanzania nayo ilitoa mpango wake wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, wa miaka 2017 hadi 2022.

Msomaji atasema, "Hayo ni ya mashamba makubwa ya ng'ambo." Lakini mtu wa kijijini anunuaye chupa ya oksitetrasiklini, akampiga nguruwe sindano ya nusu kipimo, akaona ana nafuu siku ya pili akaacha, amefanya jambo lile lile kwa udogo. Vivyo hivyo yule anayewachoma sindano nguruwe wenye homa ya Afrika: virusi havisikii dawa hiyo hata kidogo, fedha imepotea, na bakteria wa tumboni wamefundishwa usugu bure.

MAJI YA MASIKA

Nchi ya Kyela iko chini, nayo hupokea maji ya milimani kwa mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Masika yakizidi, mito hujaa ikavuka kingo zake, na maji hupita mashambani, vyooni na mazizini kabla ya kuingia ziwani. Kilichokuwa tumboni mwa nguruwe wa mtu mmoja jana, leo kiko kisimani kwa jirani yake. Bakteria sugu wakiingia kwa mtoto mdogo aliye mgonjwa, mganga atatoa dawa aliyozoea kutoa, nayo haitafanya kazi. Mtoto huyo huenda wazazi wake hawajafuga nguruwe hata siku moja. Ndiyo sababu tulisema tangu mwanzo kwamba habari hii ni ya watu wote.

YAFAAYO KUTENDWA

1. Mfungie nguruwe wako siku zote, katika zizi kavu lililoinuliwa mahali ambapo maji ya masika hayafiki. Kila nyumba iwe na choo kinachotumiwa.

2. Kila siku mpe majani mabichi pamoja na pumba. Chakula kikipatikana kwa kuchachushwa, ni bora zaidi. Masalio yenye nyama ya nguruwe usimpe kamwe.

3. Waache watoto na mama yao wiki sita hadi nane, na badilisha chakula polepole kwa muda wa wiki nzima, si kwa siku moja.

4. Watoto wapate madini ya chuma, kwa sindano au kwa udongo safi.

5. Nguruwe akiugua, mwite Bwana au Bibi Mifugo kabla ya kwenda dukani. Ukiagizwa dawa, itoe kwa kipimo na kwa siku zote ulizoambiwa, wala usimchinje mnyama kabla ya siku za kungojea zilizoandikwa kwenye chupa kwisha.

6. Mavi yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Yarundikwe pamoja na majani makavu, yafunikwe, yageuzwe mara kwa mara mpaka yapate joto kali ndani na kuwa mbolea. Joto hilo huua bakteria wengi na mayai ya minyoo.

7. Nguruwe wengi wakifa kwa ghafula, usiuze nyama wala usiwahamishe walio hai. Toa habari siku hiyo hiyo.

Katika haya yote, lililo gumu ni kuyatenda kwa pamoja. Mtu mmoja akifuata kanuni na majirani kumi wasifuate, mafuriko yatayachanganya ya wote. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa vijiji wayaseme mambo haya katika mikutano kabla ya masika kuanza, na walimu wawaonyeshe watoto shuleni, kwa chungu cha togwa na cha uji uliooza, tofauti ya vijidudu vya kutusaidia na vya kutudhuru. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado ni mdogo, na vya kuuzibia vipo shambani kwetu: majani, maji safi, jembe la kufukia mavi, na subira ya wiki chache kwa mtoto anayenyonya.